Shafti Mpya, Kasoro Ileile

Toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, ikikatika shafti kati ya Kasulu na Kibondo, lawama humwendea kwanza Mchina, kisha gunia la mwisho lililopakiwa. Lawama zote mbili zina chembe ya ukweli. Lakini kazi moja iliyofanyika uani kwa mwenye toyo mjini Kasulu ilimfichua mkosaji mwingine: tundu la kupumulia lililo juu ya nyumba ya difu, ambalo madereva wengi hawajui hata kama lipo.

Shafti ilikuwa imekatika upande wa kulia, chombo kikitoka Makere na mihogo. Ile ya kabla yake ilikatikia hapohapo. "Fundi, si hii tulibadilisha masika?" mwenyewe akauliza. Fundi hakujibu. Alikifuta kipande kwa dizeli, akakigeuzageuza juani. Shafti inayokatika kwa pigo moja la uzito huacha uso wenye chengachenga kote. Hii ilikuwa laini sehemu kubwa, na mistari ya upinde iliyofuatana kutoka ukingo mmoja; chengachenga zilibaki pembeni tu. Ufa ulianza zamani, ukawa unatambaa kidogo kila tairi linapozunguka, hadi chuma kilichosalia kikaelemewa. Gunia la mwisho lilimalizia tu.

Toyo zina ekseli za aina mbili, na mnunuzi aangalie kabla ya kulipa. Kuna ile ambayo uzito hubebwa na habu iliyokaa juu ya nyumba ya ekseli, shafti ikiwa na kazi moja tu ya kuzungusha. Utaitambua kwa bolti zinazozunguka katikati ya habu, na shafti yake huchomolewa bila kuvua tairi. Ya pili, iliyokuwa hapa, tairi hufungwa kwenye shafti yenyewe. Inazungusha na inabeba. Beringi ya mwisho ikilika, tairi linaanza kucheza, na kila shimo la barabarani linakuwa nyundo inayopiga mahali shafti inapokaa kwenye beringi.

Na beringi ililika kwa nini? Jibu lilitoka oili ilipomwagwa: nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia.

Hapa ndipo barabara inapoingia kwenye hesabu, ingawa si kwa mashimo yake. Mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umewapa madereva mwendo. Toyo iliyojaa ikikimbia lamini, difu inachemka na hewa ndani yake inatanuka. Tundu la kupumulia likiwa wazi, hewa hutoka. Likizibwa na udongo mwekundu, hewa inatafuta njia kwenye sili, ikisukuma oili hadi kwenye breki. Kisha dereva anakata kona kuelekea shambani, anavuka kijito. Chuma cha moto kikigusa maji baridi, hewa iliyobaki inasinyaa na kuvuta ndani chochote kilicho mlangoni. Sili imekwisha kuumia, maji yanaingia.

Wanaodhani huu ni ugonjwa wa vyombo vya bei rahisi wafikirie kile kipakiaji kidogo cha udongo kinachojulikana kwa jina la Bobcat. Ndugu wawili wa Minnesota, Marekani, Cyril na Louis Keller, walikibuni mwaka 1957 kwa kusafishia mabanda ya batamzinga, nacho kilianza na matairi matatu. Cha matairi manne kilifuata 1960, na hukata kona kwa kuburuza matairi ubavu. Ekseli zake hupata mateso ambayo toyo haiyajui, na anayezifungua anaanza na maswali yaleyale: sili ikoje, beringi ikoje.

Kurudi uani. Kipande kilichobaki ndani kilitolewa kwa kuchomelewa nondo na kuvutwa kwa kugongagonga. Jirani alishauri vipande viwili viunganishwe kwa moto, vikerezwe, vifungwe. Fundi alikataa, na alikuwa sahihi: joto la kuchomelea huharibu ugumu wa shafti pembeni mwa kiungo, na itakatika hapohapo ikiwa na mzigo. Beringi mpya ilipashwa ndani ya sufuria ya oili, si kwa moto wa gesi, ikateleza yenyewe kwenye shafti mpya. Anayelazimika kugonga agonge ringi ya ndani tu. Akigonga ya nje, gololi zinatia alama njia yake na beringi imekufa kabla ya safari ya kwanza. Mdomo wa sili ulielekezwa ndani, kwenye oili.

Tundu lilizibuliwa kwa waya wa spoku. Likavishwa mpira mwembamba uliopandishwa hadi chini ya kiti, mdomo ukitazama chini, mbali na tope. Kati ya vyote vilivyofungwa siku hiyo, huo ndio uliokuwa rahisi kuliko vyote.

Fundi alitaka afungue na upande wa kushoto. Mwenyewe akasema hapana, haulalamiki. Mimi ningefungua: beringi zote mbili zilioshwa na oili ileile.