Hesabu ya Kani Hupimwa Mchoroni

Siku hizi karatasi inayosifiwa ni ile fupi. Mzazi anapiga picha ya daftari la mwanawe, mistari mitatu na jibu ndani ya duara jekundu, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na pongezi zinamiminika. Niliyoiona juzi ilihusu sanduku la kilo 20 linaloburutwa sakafuni kwa kamba. Mwandiko ulipendeza, vipimo viliandikwa, kuzidisha na kugawanya havikuwa na kosa. Hata hivyo hesabu ile ilikuwa mbovu, na inaniudhi kuona mtoto mwenye akili akipongezwa kwa mazoea yatakayomwangusha mwakani.

Hesabu ya kani na mchapuko husomwa kuanzia kwenye mchoro. Mchoro uwe wa mwili mmoja tu, upana usiopungua kiganja, kwa penseli na rula. Mishale yote itokee kwenye mwili, na upande chanya uoneshwe kabla ya mlinganyo wa kwanza. Tungamo mara mchapuko haichorwi kama mshale, kwa kuwa hayo ni matokeo ya jumla ya kani. Tarakimu zisubiri mstari wa mwisho. Anayeziingiza mapema anaifukia njia yake, na msahihishaji hawezi tena kuifuata.

Mwalimu aliyenifundisha alikuwa akilifunika jibu kwa kipande cha karatasi, kisha anaweka ncha ya kalamu juu ya mshale mmoja mmoja na kuuliza, "Huu wa nani?" Ukijibu wa dunia, wa kamba au wa sakafu, alipita. Mwenzetu mmoja alichora jiwe lililorushwa juu, likiwa bado linapanda, akaliwekea mshale wa kwenda juu. Alipoulizwa, akasema ni wa mkono. "Na mkono uko wapi sasa?" Darasa lilinyamaza. Jiwe likishatoka mkononi, ukiacha hewa, linabaki na uzito wake peke yake, nao unaelekea chini. Mshale usio na mwenyewe hufutwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limbukeni hulipita kila mara: kani ya sakafu. Yeye huandika kwamba ni sawa na uzito, kisha anaendelea. Mazoezi ya mwanzo ndiyo yaliyomzoesha hivyo, maana ndani yake sakafu ni bapa na kila kitu kinavutwa kwa mlalo. Lakini sakafu haina kiwango chake cha kudumu. Husukuma kadiri inavyokandamizwa, basi.

Turudi kwenye sanduku. Kamba inavuta kwa newton 100, imeinuka nyuzi 30 kutoka sakafuni, na mgawo wa msuguano ni 0.3. Tukichukua g kuwa 10, uzito ni newton 200. Daftari lililosifiwa lilizidisha 200 kwa 0.3, likapata msuguano wa newton 60 na mchapuko wa mita 1.33 kwa sekunde mraba. Lakini kamba iliyoinuka hubeba sehemu ya mzigo, hapa newton 50. Sakafu inabakiwa na newton 150, msuguano unakuwa 45, na kwa kuwa kamba inavuta mlalo kwa newton 86.6, jumla ya kani ni 41.6. Mchapuko wa kweli ni 2.08.

Sasa sukuma sanduku lilelile kwa newton 100 zilezile, ukiinamisha nyuzi 30 kuelekea chini. Sakafu inabeba 250, msuguano ni 75, na mchapuko unashuka hadi 0.58. Asiyeitafuta kani ya sakafu atatoa jibu moja kwa hali zote mbili. Hali kadhalika ndani ya lifti: mtu wa kilo 50 anayepandishwa kwa mchapuko wa 2 husukumwa na sakafu kwa newton 600, si 500. Ukitaka kumjua fundi, angalia kama ameandika mlinganyo wa wima hata pale ambapo hakuna kinachosogea wima.

Walaghai nao wapo. Hufungua majibu nyuma ya kitabu, kisha hubadilisha saini kwa kosaini mpaka namba zikubali. Dawa yao ni pembe za mwisho. Galileo alichunguza mwendo kwa mipira iliyoviringika kwenye mteremko. Wewe weka mzigo kwenye mteremko usio na msuguano. Nyuzi zikiwa 0 mchapuko uwe sifuri, zikiwa 90 uwe sawa na g. Aliyebadilisha kienyeji atakuonesha mzigo unaokimbia juu ya meza tambarare.

Kipimo kingine ni mashine ya Atwood, ambayo Atwood mwenyewe aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1784. Kilo 3 na kilo 2 zikining'inia kwenye kapi jepesi lisilo na msuguano, mchapuko ni 2 na mkazo wa kamba ni newton 24. Limbukeni huandika 30 au 20. Fundi huhakiki mkazo kwa mizigo yote miwili, kila mmoja na mchoro wake.

Zamani, enzi za chaki na majedwali ya log, kila tarakimu ilikuwa na gharama, hivyo tulibaki na herufi mpaka mwisho. Hata mlinganyo wa wima kuwa peke yake si jambo jipya: mwanahisabati Euler, mwaka 1750, aliiandika kanuni ya Newton mhimili kwa mhimili, na hadi leo haijapatikana njia safi kuliko hiyo.

Mzazi, na wewe mwalimu mwenzangu, kabla ya kumpongeza mtoto funika jibu lake. Mwulize kila mshale ni wa nani, kisha mwulize sakafu inasukuma kwa kiasi gani na amejuaje. Akijibu yote mawili, mpe sifa zote hata kama amekosea kujumlisha. Asipojibu, jibu sahihi halimwokoi.