Jina na Msamaha katika "Adili na Nduguze"

Watu wamebishana tangu zamani kama mkosaji aliyekwisha adhibiwa yafaa atangazwe ili wengine wajihadhari naye, au kosa lake lisitiriwe ili apate kuanza maisha upya. Sheria za mataifa hazikupatana katika jambo hili. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 ambayo kwayo hukumu nyingi zisizo kubwa huhesabiwa kuwa zimekwisha baada ya muda, mkosaji asiporudia kosa. Marekani, mwaka 1996, iliyataka majimbo yake yawajulishe wananchi habari za waliohukumiwa kwa makosa ya kujamiiana. Kenya, mwaka 2006, iliagiza daftari la waliohukumiwa kwa makosa ya namna hiyo, lipate kutazamwa na mwenye sababu ya maana. Swali hilo hilo limo katika fasihi ya Kiswahili, na mahali pazuri pa kulichungua ni hadithi ya Shaaban Robert, "Adili na Nduguze", iliyotolewa mwaka 1952.

Kisa chenyewe chajulikana. Adili, liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu, anao manyani wawili. Huwalisha na kuwatunza kwa huruma, lakini kila usiku huwapiga mijeledi. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, ambao kwa husuda walimtupa baharini, wakageuzwa na jini Huria aliyemwokoa. Kupigwa kwao ni amri ya Huria, si hiari ya Adili. Ikibali, mjumbe wa mfalme, akaiona siri ile. Adili akaitwa mbele ya Rai, akasimulia yote. Na kwa maombezi ya Rai adhabu ikakoma, ndugu wakarudia umbo la binadamu.

La kwanza la kuangalia ni siri. Mtu wa Janibu awatazamapo manyani haoni wakosaji. Aona wanyama tu. Yaweza kusemwa kwamba Adili aliwasitiri ndugu zake, na sitara ni jambo jema. Walakini sitara ile haikuzaa heri. Wao hawakuwa na njia ya kurudi, maana hapana awezaye kumwombea asiyemjua. Na Adili mwenyewe aligeuka mtesaji wa watu aliowapenda. Rehema ilianza siku ukweli uliposemwa. Lakini yafaa kuangalia uliambiwa nani. Haikupigwa mbiu sokoni, wala wakosaji hawakusimamishwa barazani wazomewe. Uliambiwa mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuhukumu na kuombea, naye ndiye aliyeutaka. Hapa mwandishi ametenga mambo mawili ambayo wabishani wengi huyachanganya: kudhihirisha kosa kwa anayestahili kulijua, na kulitangaza kwa kila mtu. La kwanza lafungua mlango wa toba. La pili laweza kuufunga.

La pili ni asili ya hadithi. Kisa hiki kina mfano wake wa zamani katika Alfu Lela Ulela, katika habari za Abdullah bin Fadhil. Huko pia ndugu wawili hugeuzwa wanyama, nao ni mbwa. Hupigwa kila usiku. Na Khalifa Harun Rashid huwaombea hata wakarudia utu. Lakini katika kisa cha Kiarabu ndugu hao, wakiisha kusamehewa, hujaribu tena kumwua ndugu yao, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert aliliondoa kosa la pili. Badiliko hilo si dogo, kwa kuwa lageuza hukumu ya hadithi nzima: msimulizi wa kale aonya kwamba aliyesamehewa haaminiki, Shaaban Robert ashuhudia kwamba aweza kuaminika.

Msomaji mwenye hadhari atapinga hapa. Atasema kwamba jirani aogopaye hajibiwi kwa hadithi ambayo ndani yake hatari haikurudi. Pingamizi hilo lina uzito, wala halifai kupuuzwa. Anayemhofu mkosaji ana haki ya kuuliza ni ushahidi gani wa kugeuka kwake, na hadithi ya Adili humpa imani zaidi ya ushahidi.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo halina budi kuhesabiwa kuwa kasoro. Katika kisa cha Kiarabu ndugu waovu huitwa Mansur na Nasir, majina ya nusura. Yanayowahukumu ni matendo yao. Katika kisa cha Kiswahili wao ni Hasidi na Mwivu. Wanaitwa hivyo kabla ya kutenda kosa, wanaitwa hivyo katika adhabu, na wanaitwa hivyo baada ya msamaha. Huria aliwavua ngozi ya nyani. Mwandishi hakuwavua jina. Methali husema kwamba hasidi hana sababu. Basi mtu aitwaye Hasidi, akitenda mema miaka mingi, kila amwitaye atamkumbusha alivyokuwa.

Mtetezi wa mwandishi atajibu kwamba majina hayo ni desturi ya utunzi wake, kama Adili na Huria, na kwamba huambiwa msomaji, si watu wa Janibu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Hadithi isomwapo, wasomaji ndio watu wa mji. Wao ndio waliopewa alama isiyofutika, na ni vigumu kwao kumwamini mtu ambaye jina lake ni kosa lake.

Kwa hiyo kitabu hiki chafundisha mara mbili. Kwa kisa chake chafundisha kwamba ukweli usemwe kwa mwenye haki ya kuujua, na kwamba adhabu iwe na kikomo. Kwa majina yake, bila kukusudia, chaonyesha jinsi alama inavyoweza kuishi zaidi ya adhabu, hata mikononi mwa mwandishi mpenda rehema. Mwalimu aisomeshaye hadithi hii atafanya vema akiwauliza wanafunzi wake Hasidi na Mwivu walistahili kuitwaje siku ile waliporudi kuwa watu.