Wapiga Picha wa Watu Mashuhuri

Aghalabu msomaji wa jarida huitazama sura ya mtu mashuhuri, akaisifu haiba yake, kisha akafunua ukurasa wa pili asiulize ni nani aliyesimama nyuma ya kamera. Katika zama za filamu mtu huyo alitangulia kufika, amebeba taa, nyaya na miguu mitatu ya kamera, akaupima mwanga juu ya kiti kitupu, hali akijua kwamba mkubwa yule, atakapoingia, hatampa ila dakika chache, nazo kwa kinyongo.

Mjini Ottawa, tarehe 30 Desemba 1941, Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipotoka kulihutubia Bunge la Kanada, hakuwa na habari kwamba atapigwa picha, ilhali taa zilikwisha kutegwa katika chumba cha Spika tangu usiku. Mpiga picha akamnyooshea kisahani cha majivu. Churchill alipokataa kuiweka biri yake, mpiga picha akamwendea, akaomba radhi, akaichomoa kinywani, akarejea akabonyeza. Na ghadhabu iliyonaswa usoni mwa Churchill ndiyo watu waliyoisoma kuwa ushupavu wa Uingereza vitani. Wengi husifu ujasiri wa mpiga picha huyo. Mimi nazistahi zaidi zile taa za usiku.

Kisha ilikuja kazi isiyo na shahidi: filamu kusafishwa katika giza totoro, joto la dawa kuchungwa, karatasi kuoshwa na kuanikwa, na vidoa vya vumbi kuzibwa kimoja baada ya kimoja kwa brashi nyembamba, hata uso ukawa tayari kupelekwa kwa mhariri, ambaye huenda akaukata nusu.