Wino wa Kabambare: namna filamu zinavyomficha na kumfichua aliyenusurika

Filamu ya mtu aliyenusurika ina kanuni yake, na mtazamaji wa Kasongo anaijua hata kama hajashika kamera maishani. Mtu anapatwa na balaa. Wenzake wanakufa au wanamtoroka. Anaugua, anakata tamaa, anajikaza tena; mwisho anatokea wa kumwokoa, muziki unapanda, na watu wanatoka ukumbini wakisifu roho yake ngumu. Kanuni hiyo inauza tiketi. Kasoro yake ni kwamba haisemi nani alikuwa akimpikia.

Filamu hutufundisha kitu kuhusu dhiki pale inapoonyesha kazi ya kunusurika: chakula, dawa, mizigo, madeni, na watu walioyabeba hayo. Ikionyesha ujasiri peke yake, inatuburudisha na kutuacha tulivyokuwa. Na nia njema ya mtengenezaji haitoshi kuamua ipi kati ya hizo mbili itapatikana. Ufundi ndio unaoamua: kamera imesimama wapi, picha imekatwa lini, chanzo kimesomwaje. Kusini mwa Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo zilipo Kasongo na Kabambare, kuna kisa kinachofaa kupimia jambo hili.

Septemba 1869 David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, aliingia mahali alipopaandika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo. Alikuwa akitafuta chanzo cha Nile, na alidhani mto Lualaba ndio Nile yenyewe. Alikwama. Kuanzia tarehe 22 Julai 1870 vidonda vya miguu vilimfungia kibandani siku 80. Karatasi zikamwishia, wino nao ukamwishia. Februari 1871 aliondoka kuelekea Nyangwe, soko kubwa la ukingoni mwa Lualaba lililomo leo katika teritwari ya Kasongo. Huko, tarehe 15 Julai 1871, aliona watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni. Waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, walikadiriwa kupita 300. Akarudi mashariki, na mwishoni mwa mwaka huo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akamkuta Ujiji.

Kisa hicho kimeingia kwenye filamu zaidi ya mara moja. Nachukua mbili ambazo mbinu zake zinapingana kabisa.

Hollywood, 1939

Filamu ya *Stanley and Livingstone* iliongozwa na Henry King. Spencer Tracy alicheza Stanley, Cedric Hardwicke akacheza Livingstone. Kikosi cha pili cha wapiga picha kilitumwa Afrika Mashariki kupiga msafara, nyika na wanyama, kikitumia watu waliovalishwa kama waigizaji wakuu na kupigwa kwa mbali. Tracy mwenyewe alibaki Marekani. Nyuso zilipigwa studio, kisha mezani pa mhariri studio na nyika zikaunganishwa kuwa safari moja.

Ni ujanja wa kawaida wa sinema za wakati ule, na umefanywa kwa ustadi. Lakini angalia unachozaa. Mwenye sura ya karibu ni nyota. Wapagazi wanaonekana kwa mbali, katika mstari mrefu, kama sehemu ya mandhari. Jasho la nyota tunaliona likitiririka. La mpagazi haliwezi kuonekana, kwa sababu kamera iko mbali mno. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba mpagazi hateseki. Bajeti na lenzi ndizo zilizoamua. Isitoshe, hadithi inamfuata Stanley, kwa hiyo miezi ya Kabambare inabaki nje ya pazia. Tunampata Livingstone akiwa tayari amenusurika, wala hatuonyeshwi alinusurika kwa kitu gani.

Maabara, 2010 hadi 2014

Filamu ya pili ni ya hali halisi: *The Lost Diary of Dr. Livingstone*, iliyorushwa na televisheni ya PBS ya Marekani mwaka 2014 katika mfululizo wa *Secrets of the Dead*. Chanzo chake ni kazi iliyoanza miaka kadhaa nyuma, ikiongozwa na Adrian Wisnicki, mtaalamu wa fasihi, akishirikiana na mafundi wa picha ambao baadhi yao, kama Roger Easton na Keith Knox, walikuwa wamekwisha kuisoma ngozi ya kale yenye maandishi ya Archimedes yaliyofutwa.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Karatasi zilipokwisha, Livingstone aliandika juu ya chochote kilichokuwa karibu. Shajara yake ya mwaka 1871 iko juu ya kurasa za gazeti la London, *The Standard*, la tarehe 24 Novemba 1869. Aligeuza gazeti na kuandika kwa kukata mistari ya chapa. Wino aliutengeneza mwenyewe kutokana na mmea wa huko huko. Baada ya miaka 140 wino huo ulikuwa umefifia kiasi kwamba chapa ya gazeti imeushinda, na jicho la kawaida linaona matangazo ya London tu.

Mafundi waliweka kila ukurasa chini ya kamera iliyotulia na kuumulika kwa taa za rangi moja moja, kuanzia urujuanimno, kupitia buluu, kijani na nyekundu, hadi infraredi, wakipiga picha kwa kila taa. Wino wa gazeti una masizi ya kaboni, kwa hiyo unabaki mweusi hata chini ya infraredi. Wino wa mmea haufanyi hivyo: chini ya buluu unaonekana, chini ya infraredi unatoweka. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ukiwa na picha ambayo gazeti limebaki peke yake, na nyingine yenye gazeti pamoja na mwandiko, kompyuta inaweza kuzilinganisha, kulififisha gazeti na kuupandisha mwandiko. Kazi ya kwanza kutolewa, mwaka 2010, ilikuwa barua aliyoiandika hapo hapo Kabambare Februari 1871 kwa rafiki yake Horace Waller. Shajara ya 1871 ikafuata Novemba 2011.

Sasa uone ufundi huo unachobadilisha katika hadithi ya kunusurika. Huyo Waller ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone na kuzichapisha mwaka 1874, baada ya mwenyewe kufariki. Ulimwengu ukapata kitabu kilichosafishwa, chenye shujaa mvumilivu. Barua ya Kabambare ina mtu mwingine: mgonjwa, aliyechoka kupita kiasi, anayemwomba rafiki yake asimwambie mtu. Na shajara ya gazetini ina siku ya Nyangwe kabla haijapigwa pasi. Wisnicki alipoilinganisha na nakala safi aliyoiandika Livingstone baadaye, aliona maneno makali kuhusu watu wake mwenyewe, waliotumwa kwake na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, yamepunguzwa au kuondolewa. Akauliza swali zito: je, baadhi yao walihusika na maovu ya siku ile? Swali halijafungwa. Lakini bila taa zile lisingeulizwa kabisa.

Nguvu ya filamu ya 2014 iko hapo. Inaufanya usomaji wenyewe kuwa safari. Mtazamaji anaona neno likijitokeza kutoka chini ya tangazo, na anaelewa kwamba ushahidi wa dhiki unaweza kufunikwa, na aliyeufunika anaweza kuwa yule yule aliyeuandika.

Aliyemweka hai

Ukiisoma miaka ya Kabambare kwa makini, roho ngumu inakuwa sehemu ndogo ya maelezo. Wafuasi wengi wa Livingstone walikuwa wamemwacha; katikati ya 1870 walibaki Abdullah Susi, James Chuma na Edward Gardner. Aliyemtunza alipougua ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Huyo ndiye aliyeagiza abebwe kwa machela mapema 1869 alipougua mapafu hata asiweze kutembea. Na chakula kilitoka katika mashamba ya Wamanyema.

Tazama vidonda vyenyewe. Alijaribu dawa nyingi zikashindwa. Kilichosaidia ni malakaiti, jiwe la kijani la madini ya shaba: lilisagwa juu ya jiwe jingine kwa maji, na uji wake ukapakwa kidondani kwa unyoya. Jiwe, maji, unyoya na mkono wa kupaka. Mwongozaji mwenye jicho angepiga tendo hilo kwa karibu, dakika nzima, bila muziki, na lingetufundisha zaidi kuhusu kunusurika kuliko hotuba yoyote ya ushujaa.

Hapo pia pana uchungu ambao filamu ya kanuni haiwezi kuumeza. Mtu aliyeichukia biashara ya watumwa aliwekwa hai na mfanyabiashara wa watumwa, akala chakula chake, akaenda kwa ulinzi wake, kisha akaandika habari za Nyangwe zilizosaidia kuisukuma Uingereza imbane Sultani Barghash, hata mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ukafunga masoko ya watumwa ya Zanzibar. Mwenye kunusurika hachagui sikuzote mkono wa kumvuta. Filamu inayoficha mkono huo kwa kuuonea haya inatudanganya kuhusu dhiki.

Hata hivyo filamu ya 2014 ina upungufu ambao taa haziwezi kuuponya. Shahidi ni mmoja, naye ni mgeni. Wanawake wa Nyangwe wanaingia kwenye hadithi siku ya kufa kwao. Kunusurika kwa waliobaki, walioogelea, waliojificha, waliorudi kulima, hakumo katika gazeti lile, kwa sababu mwandishi aliondoka siku chache baadaye.

Filamu zinazofanya vingine

Kujaza pengo hilo kunahitaji mbinu nyingine, na filamu mbili za karibuni, zilizopigwa Kongo, zinaonyesha njia.

*Makala* ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes mwaka 2017, inamfuata Kabwita Kasongo, mwanakijiji wa upande wa Kolwezi. Anakata mti, anachoma makaa, anayapakia kwenye baiskeli na kuisukuma kama kilomita 50 hadi mjini. Mbinu yake ni muda. Kamera inakaa nyuma ya baiskeli na haikatwi pale ambapo mhariri mwenye haraka angekata. Tunasikia gurudumu na pumzi. Tunaona gunia likitozwa njiani. Kisha anauliza bei ya bati na kugundua kwamba jasho lote lile halitoshi paa. Mtu wa Maniema anayesukuma baiskeli yenye mafuta ya mawese haelezwi kitu hapo, anakitambua.

Ya pili ni *En route pour le milliard* ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, filamu ya kwanza ya Kongo kuingia katika uteuzi rasmi wa Cannes, mwaka 2020. Majeruhi wa Vita vya Siku Sita, ambavyo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani Juni 2000, wanapanda boti na kuteremka mto kwenda Kinshasa kudai fidia. Wengi wamekatwa miguu au mikono. Hamadi hategemei picha za vita. Anawaweka wenyewe jukwaani, waigize yaliyowapata, kisha anarudi botini, mvua ikipiga turubai na watu wakiligombania. Mateso ya zamani yanasemwa na wenyewe kwa sauti waliyoichagua. Mateso ya leo yanaonekana katika kupanda ngazi, kulala, kupanga foleni. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, madhara ya Kisangani yakiwemo. Filamu haikuleta hukumu hiyo, ila ilihakikisha kwamba fedha zinapotajwa, nyuso zinajulikana.

Kwa atakayeshika kamera

Kasongo na Kabambare hazijamaliza dhiki. Upande wa Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, vijiji vimeishi miaka kati ya mgodi, jeshi na wapiganaji wa Mai-Mai. Kamera zitakuja, za wageni na za vijana wenye simu. Kabla ya kurekodi, maswali matatu ya kiufundi yatasaidia zaidi ya huruma. Nani yuko karibu na lenzi, na nani ameachwa kuwa mandhari? Kazi ya kila siku imepewa dakika ngapi, na mlio wa bunduki dakika ngapi? Na chanzo ninachokitegemea kimesafishwa na nani kabla hakijanifikia?

Picha za shajara ya Livingstone ziko wazi katika intaneti, bure, kila ukurasa na rangi zake. Kijana wa Nyangwe anaweza kuzisoma leo pamoja na wazee, aweke simulizi za ukoo kando ya maneno ya mgeni, arekodi zinapokubaliana na zinapopingana. Zinapopingana asikate picha. Hapo ndipo shahidi wa pili anaanza kusema, na filamu ya Nyangwe imemsubiri huyo tangu 1871.