Ufundi wa Mvuke

Mwezi wa Julai, Mwanda, kwenye milima ya Taita, haihitaji friji. Ukungu huteremka kutoka Vuria, kilele cha mita 2,208, ukatanda juu ya migomba hadi jua lipate nguvu, na maji ya bomba huuma vidole. Aliyetoka Voi na fulana moja mwilini hufika huku akiulizia sweta. Si ajabu kwamba kwenye baridi hii nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, bado ina wenyewe.

Bibi anayeijua kazi haanzi na moto, anaanza na majani. Mkaratusi kwa ajili ya pua, mchaichai, majani ya mlimau na ya mpera, na mwarobaini iwapo kuna jamaa aliyepanda kutoka tambarare, kwa kuwa huku juu mti huo hauipendi baridi. (Mkaratusi wenyewe ni mgeni kutoka Australia, na wakulima wanaulalamikia kwa kunywa chemchemi zao, hata hivyo bila jani lake nyungu huonekana haijakamilika.) Chungu kinajazwa hadi shingoni, kinafungwa mdomo kwa jani la mgomba, kinatelekwa juu ya mafiga mpaka lile jani livimbe kwa mvuke.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mgonjwa ameketi kwenye kigoda, blanketi zito limemfunika hadi chini, chungu kiko mbele ya miguu yake. Bibi halibandui jani lote kwa mara moja. Analitoboa kwanza kitundu, anaacha uzi mwembamba wa mvuke upande, kisha anatega sikio. Anasikiliza pumzi. Ikiwa fupi, anainua blanketi kwa nyuma, kamwe si kwa mbele, upepo usije ukampiga mtu kifuani. "Vuta pole pole, mjukuu wangu." Ikitulia, anaongeza tundu. Mkono wake hautoki kwenye blanketi tangu mwanzo hadi mwisho, na chungu hakisogezwi wakati mtu yumo ndani. Jasho likianza kudondoka kidevuni, anamwacha kidogo tena, ndipo anamfuta kwa kanga kavu na kumpa uji wa moto, na ole wake atakayefungua mlango.

Wanaoungua ni wale wenye haraka: sufuria sakafuni, mtu peke yake, mtoto akicheza karibu.

Wakorea, ambao baridi yao hugandisha mito, waliujengea mvuke na joto nyumba kabisa. Hanjeungmak, kibanda cha mawe na udongo chenye paa la mviringo, kimetajwa katika kumbukumbu za Mfalme Sejong, karne ya 15, na watawa wa Kibudha walihudumia humo wagonjwa maskini. Kuni za msonobari ziliteketezwa ndani, majivu yakatolewa, watu wakaingia wamejifunika magunia. Siku hizi mabafu yao ya umma, jjimjilbang, yana vyumba vya chumvi na vya udongo, mayai yaliyopikwa kwa joto kavu, na familia nzima zinazolala sakafuni mpaka asubuhi. Lakini sifa apewe msuguaji. Huyu ni fundi wa kulipwa. Anamlaza mteja mezani, anavaa glavu ya kitambaa kinachokwaruza, mara nyingi ya kijani, iliyobuniwa Busan katika miaka ya 1960, kisha anasugua kutoka shingoni hadi kwenye nyayo mpaka nongo zijikunje.

Pwani yetu nayo iliwajua watu wa kazi hii. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alijenga hamamu ya Kidichi, kisiwani Unguja, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Binti Irich Mirza, na hadi leo kuta zake zina maua na ndege wa chokaa. Kisha Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akaujengea mji wa Unguja hamamu ya umma. Kazi akampa Haji Gulamhussein, na mtaa mzima ukaitwa Hamamni. Joto lilipitishwa chini ya sakafu. Palikuwa na chumba cha moto, birika la maji baridi na mahali pa kunyolewa. Kufikia miaka ya 1920 moto ulikuwa umezimwa. Sasa mgeni analipa kiingilio, anapiga picha mabirika makavu, anatoka. Kuta zilikarabatiwa. Msuguaji hakuna aliyemkarabati.

Mkono ule umebaki kwa bibi harusi tu, anayesingwa na somo wake kwa singo yenye harufu ya waridi, naye husingwa siku za arusi, basi.

Corona ilipoingia, nyungu ilirudi kwa kishindo. Nchini Tanzania, Rais Magufuli aliihimiza, na mwaka 2021 Hospitali ya Muhimbili ikawa na vibanda vya kujifukizia. Kwamba mvuke unaua kirusi haikuthibitishwa, na madaktari walisema hivyo. Kilichosikitisha zaidi ni kwamba watu walichukua mvuke, wakamwacha bibi. Hata chungu walikiacha. Udongo hushika joto. Sufuria ya alumini, nyepesi na rahisi kuosha, hupoa kabla jasho halijashuka, kwa hiyo watu huiacha papo hapo juu ya gesi na kuiinamia dakika mbili, taulo kichwani, simu mkononi.