Askari, Msaliti na Mwenyeji: Uhakiki wa Sitiari ya Vita katika Maelezo ya Kinga ya Mwili, Bukoba na Muleba

Lakoff na Johnson (1980) walionesha kuwa sitiari haipambi fikra tu, bali huiongoza. Makala haya yanahakiki sitiari iliyozoeleka katika elimu ya afya kwa Kiswahili: mwili ni ngome, chembe nyeupe za damu ni askari, maradhi ni adui.

Mkoani Kagera sitiari hiyo ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Ugonjwa uliposambaa hadi Bukoba na kwingineko, neno kinga lilizoeleka likiambatana na upungufu, kama jina lenyewe lisemavyo: Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa kuwa virusi huangamiza baadhi ya chembe hizo, picha ya askari wanaouawa ilifaa.

Pumu ya mzio huivunja picha hiyo. Hapa kinga haijapungua, bali imekosa kiasi. Utitiri wa vumbi la nyumbani hauvamii mwili, lakini njia za hewa huvimba, hujaa makamasi na kubana. Wengi huvuta vumbi hilo hilo bila madhara, kwa sababu seli dhibiti, zinazotegemea jeni ya FOXP3, hutuliza seli nyingine, mathalani kwa kutoa interlukini-10. Utafiti kuhusu seli hizo uliwapatia Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Katika lugha ya vita, seli zinazowazuia askari kupigana zingeitwa wasaliti; kumbe ndizo zinazolinda pumzi.

Kasoro hii si ya kimtindo tu. Mzazi anayeambiwa kuwa pumu ya mwanawe ni “tatizo la kinga” anaweza kusikia UKIMWI, au kutafuta dawa ya “kuongeza kinga”, ilhali mtoto anahitaji dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe.

Neno uvumilivu nalo halitoshi, kwani mvumilivu hubeba maumivu, na hapa hakuna maumivu yanayobebwa. Tunapendekeza sitiari ya mwenyeji. Kwa Wahaya, mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na mwenyeji huyo huyo ndiye anayelinda mji dhidi ya mwizi. Ukarimu wake si udhaifu wa ulinzi. Ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Kinga yenye afya hujua kupambana, na hujua pia nani wa kukaribishwa.