Sifa ya Mkalafati

Kiswahili cha pwani kina neno moja lenye kazi mbili. Sifa ni maneno mema anayopewa mtu kwa jambo alilolifanya vizuri. Na sifa ni mafuta ya papa ambayo mafundi wa vyombo huyapaka kwenye mbao ili zisinywe maji. Watunga kamusi watasema hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti tu, na huenda ni kweli. Hata hivyo, fundi anayeshika mafuta hayo ndiye anayeambulia kidogo kabisa cha ile sifa nyingine. Nahodha hutajwa kwa jina, aliyeunda jahazi hutajwa kwa jina, na siku chombo kinaposhushwa majini ngoma hupigwa. Mkalafati huja baadaye, maji yakiwa yamekupwa na chombo kimelala ubavu mchangani, mkononi ana chembeu, nyundo na pamba iliyorowekwa mafuta. Hupita ufa kwa ufa, akishindilia pamba pale ubao unapokutana na ubao, kisha hupaka sifa, na sehemu ya chini deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Akimaliza, hana kitu kipya cha kuonyesha. Jahazi ni lile lile la jana. Tofauti ni kwamba halitazama, na kutozama hakupigiwi ngoma.

Anayestahili kusifiwa hapa ni mkalafati wa zama zetu: mtu anayetunza programu za kompyuta, ambazo mara nyingi ziliandikwa na wengine, anayesoma msimbo wa zamani mstari kwa mstari, anayepokea taarifa za kasoro, anayeshona viraka na kuvitoa ili mamilioni wasiomjua wavipakue. Dai langu ni kwamba usalama wa kompyuta, ambao serikali huuzungumzia kwa lugha ya vita na kampuni huuuza kama kufuli, kwa hakika ni ufundi wa kukalafati. Jamii inayotukuza uundaji na kudharau utunzaji inasafiri katika chombo kinachovuja, hata kama tanga lake ni jipya.

Tuanze na umbo la chombo chenyewe. Ni programu chache mno za leo zilizochongwa kwa gogo moja kama mtumbwi. Programu ya benki iliyo kwenye simu huwa na sehemu iliyoandikwa na watu wa benki, lakini chini yake zimo mbao nyingi zilizotoka kwingine: hii ya kusimba ujumbe kwa siri, hii ya kubana mafaili, hii ya kuorodhesha matukio ndani ya seva. Nyingi kati ya mbao hizo ni programu huria, zinazotolewa bure na zinazotunzwa na watu wanaojitolea. Mtumbwi hauna maungio, kwa hiyo kazi ya mkalafati ni ndogo. Jahazi limekuwa kubwa kwa sababu limeungwa, na maji huingilia hapo hapo lilipoungwa.

Tarehe 7 Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa ufa mmoja wa namna hiyo, ukapewa jina la Heartbleed. Ulikuwa ndani ya OpenSSL, programu huria ambayo sehemu kubwa ya tovuti za dunia ziliitegemea kulinda mawasiliano ya siri. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kutia haya. Katika mazungumzo ya kompyuta mbili, moja huiuliza nyingine kama bado ipo, ikiipa neno la kurudisha pamoja na urefu wa neno hilo. Aliyeandika kipande hicho hakuweka sharti la kuhakikisha kwamba urefu uliotajwa unalingana na neno lililoletwa. Mtu aliyetuma neno la herufi tatu akadai kuwa ni maelfu, alirudishiwa herufi zake tatu na, juu ya hizo, chochote kilichokuwa jirani ndani ya kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa kila ombi: nywila, barua, hata funguo za siri za seva yenyewe. Ufa huo ulitoka na toleo la Machi 2012 na kukaa miaka miwili bila kutangazwa. Aliyeuandika alikuwa mjuzi, na aliyeupitia alikuwa mjuzi pia. Uliwapita wote wawili. Kilichokosekana ni macho ya kutosha ya kurudi na kupita tena ufa kwa ufa, kwa sababu mradi uliobeba siri za dunia ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeushughulikia muda wote wa kazi.

Kama Heartbleed inaonyesha gharama ya kukosa mkalafati, kisa cha xz kinaonyesha mkalafati hodari anafanya nini. Machi 2024, mhandisi Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya programu zake. Akaona kwamba kuingia katika kompyuta kwa njia ya ssh kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde ni muda wa kupepesa jicho, na wengi wangeupuuza. Yeye aliufuata, hatua kwa hatua, hadi kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, akakuta ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa nyuma uliofichwa kwa ustadi mkubwa. Uliwekwa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejenga imani kwa kuleta marekebisho halali, moja baada ya jingine, huku majina mengine yasiyojulikana yakimshinikiza mtunzaji wa siku zote akubali msaidizi. Mtunzaji huyo alikuwa ameshaeleza hadharani kwamba nguvu zake zimepungua na kwamba kazi ile haina malipo. Ufa, basi, ulianzia katika uchovu wa binadamu kabla haujafika katika msimbo. Na aliyeugundua hakutumia silaha yoyote. Alikijua chombo chake kiasi cha kusikia mlio ulipobadilika.

Hapo ndipo ilipo fahari ya ufundi huu. Mwandishi wa programu mpya hufikiri jinsi kitu kitakavyofanya kazi; mtunzaji hufikiri pia jinsi kitakavyoshindwa, na jinsi mtu mwenye nia mbaya atakavyokilazimisha kishindwe. Lazima asome mawazo ya mtu aliyeandika miaka kumi iliyopita, akaondoka, na hakuacha maelezo. Lazima azibe tundu moja bila kufungua jingine, na bila kuvunja kazi ya maelfu waliozoea tundu lile lilivyo. Kiraka kizuri mara nyingi ni mistari miwili au mitatu, na nyuma yake zimo siku nyingi za kusoma. Ni ufundi wa unyenyekevu, kwa sababu ukifanikiwa hakuna kinachotokea.

Kuna pingamizi la wenye fedha: wanaojitolea waachiliwe mbali, programu zinunuliwe kwa kampuni kubwa zenye wataalamu wa kulipwa. Ni kweli kwamba malipo huleta nidhamu. Lakini tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike, yenye fedha na wataalamu, ilisambaza sasisho lenye kasoro, na takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows zikazimika. Ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha huduma. Uchunguzi wa kampuni yenyewe ulieleza kwamba programu ilitarajia vipengele 20 na sasisho likataja 21, nayo ikaenda kusoma pasipo pake katika kumbukumbu. Ni jamaa wa karibu wa kosa la Heartbleed: idadi isiyohakikishwa. Fedha humweka fundi kazini, lakini hazichukui nafasi ya subira yake. Anayekimbiza pamba kwenye ufa bila kuujaribu kwanza huacha maji yaingie kwa jina la matengenezo.

Kisa hicho huwapa nguvu wenye pingamizi la pili, wanaosema kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Ofisi nyingi huishi kwa kanuni hiyo, na masasisho huahirishwa hadi yasahaulike. Mwaka 2017 unajibu vizuri. Mwezi Machi mwaka huo kilitolewa kiraka cha Apache Struts, programu huria ya kuundia tovuti. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayohifadhi taarifa za mikopo ya watu, haikukiweka mahali pote palipohitajika, na kuanzia Mei wavamizi waliingia wakachukua taarifa za takriban watu milioni 147. Mwezi huo huo wa Machi Microsoft ilitoa kiraka cha Windows. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikasambaa kwa kupitia tundu lililozibwa na kiraka hicho, katika mashine ambazo hazikusasishwa, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kutokigusa chombo pia ni uamuzi, na bahari haikusubiri. Swali la fundi ni lini aguse na kwa uangalifu gani, na swali hilo halijibiwi na mtu asiyekuwapo.

Siasa inaingia hapa, kwa sababu tundu lililotumiwa na WannaCry lilikuwa limejulikana. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilikuwa na zana ya kulipenya, na badala ya kumwambia mapema mwenye chombo, lililiweka kwa matumizi yake ya ujasusi. Zana ikavuja, ikaangukia mikononi mwa wengine. Serikali nyingi duniani hutaka zaidi ya hapo: zinataka programu za mawasiliano ziundwe na mlango wa nyuma utakaofunguliwa na polisi peke yao. Hoja yao si ya kipuuzi. Wahalifu nao hutumia ujumbe wa siri, na upelelezi una haki yake mbele ya sheria. Ila mbao hazimtambui anayepita. Tangu 1994 sheria ya Marekani imezitaka kampuni za simu ziwe na uwezo wa kusikiliza mawasiliano kwa amri halali. Mwaka 2024 serikali hiyo hiyo ilitangaza kwamba wadukuzi waliohusishwa na China wameingia katika kampuni hizo, wakanakili hata taarifa zilizokuwa zimeombwa na vyombo vya sheria kwa amri ya mahakama. Tundu lililotobolewa kwa ajili ya askari limemhudumia jasusi. Afadhali mfano wa Umoja wa Ulaya, uliopitisha mwaka 2024 sheria inayomtaka anayeuza bidhaa yenye programu aendelee kuzishughulikia kasoro zake baada ya mauzo, huku ikiwawekea wanaojitolea masharti mepesi zaidi. Hiyo ni sheria inayokumbuka kwamba chombo hakimaliziki siku kinaposhushwa majini.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halihitaji kuletwa kwa mashua. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, ada za shule, mauzo ya dagaa na michango ya misiba imehamia kwenye simu. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuurekebisha. Lakini kijana wetu mwenye kipaji cha kompyuta huambiwa abuni: mashindano ni ya kubuni, tuzo ni za kubuni, na picha za magazetini ni za programu iliyozinduliwa, si ya ile iliyotunzwa miaka saba. Ubunifu una nafasi yake. Bila waunzi hakuna chombo cha kukalafati. Hata hivyo, nchi inayozindua bila kutunza huishia kumuita fundi wa mbali kila maji yanapoingia, na fundi wa mbali hutaja bei wakati mabaharia wanafua maji. Programu huria inatupa nafasi adimu ya kujifunza ufundi huu kwenye mbao halisi zinazobeba dunia nzima, bila kuomba ruhusa wala kulipa kiingilio.

Linabaki pingamizi jipya zaidi: akili mnemba itasoma msimbo wote, itaona nyufa zote, itaziziba yenyewe. Itasaidia, na tayari mashine zinagundua kasoro ambazo macho yamezikosa. Lakini kila taarifa ya kasoro huhitaji mtu wa kuamua kama ni kweli, kama ni hatari, na kiraka kitamgusa nani. Mashine inayotoa taarifa mia kwa mtunzaji aliyechoka, huku nusu yake zikiwa hewa, imemwongezea maji chomboni. Chembeu bora humfaa aliye na mkono, hakizai mkono.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta: methali hii tunaikariri tangu shuleni, na kwa kawaida tunaisikia kama onyo kwa mwenye nyumba. Ina upande wake wa pili, kwamba kuziba ufa ni kazi ya mtu fulani, na mtu huyo anakula na kuchoka kama wengine. Mafuta ya papa hayapakwi mara moja. Jua na chumvi huyala, na kila msimu chombo hurudi mchangani. Wizara inayonunua mfumo ingeweza kuweka katika bajeti kifungu cha kuutunza kwa miaka yote utakayotumika. Benki inayopata faida juu ya programu za bure ingeweza kuwapa wahandisi wake siku za kuzirekebisha, na chuo kingeweza kumtunuku shahada mwanafunzi aliyeokoa msimbo wa zamani kama kinavyomtunuku aliyeandika mpya. Mwenye chombo anayemlipa mkalafati kwa maneno matamu peke yake amechagua ile sifa isiyozuia maji.